Mnaoanza kusoma vyama vya Marekani, msikariri majina

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza, mimi nilianza kwa kukariri kwamba Republican ni chama cha wazungu wa kusini na Democrat ni cha watu weusi, nikaingia kwenye mtihani nakutana na swali kwa nini majimbo ya kusini yalimkataa Lincoln, rais wa kwanza wa Republican, nikaandika kinyume mwanzo mwisho, swali lote likaenda.

Kosa ni kwamba nilifuata jina, sikufuata watu. Majina yamebaki yale yale ila waliomo ndani wamehama. Republican kilianza 1854 na watu waliopinga utumwa usisambae kwenye maeneo mapya ya magharibi, Lincoln akashinda 1860 kwa kama asilimia 40 tu ya kura maana wapinzani wake waligawanyika, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya kaskazini na kusini wazungu wa kusini wakabaki Democrat karibu miaka mia. Sasa chukua Mississippi peke yake. Kwenye uchaguzi wa rais mwaka 1936 Roosevelt wa Democrat alipata asilimia 97 ya kura pale, mwaka 1964 Goldwater wa Republican akapata 87. Miaka 28 tu! Katikati hapo kuna Truman, rais wa Democrat, aliyetetea haki za raia za weusi 1948, Thurmond, gavana wa Democrat wa kusini, akajitenga akagombea kivyake akabeba majimbo manne ya kusini, halafu Johnson, rais mwingine wa Democrat, akasaini ile sheria ya haki za raia ya 1964 iliyokataza ubaguzi, ambayo Goldwater aliipigia kura ya hapana. Na mjue waliopiga kura Mississippi miaka hiyo ni wazungu karibu wote, weusi walizuiwa kujiandikisha. Weusi wa kaskazini wao walishaanza kuhamia Democrat kwa Roosevelt, kwenye shida ya ajira miaka ya 1930.

Kingine, toeni kichwani chama cha kwetu chenye kadi na kamati kuu inayokata majina. Kule mgombea anapatikana kwa kura za maoni, wananchi wa kawaida wanapiga. Zamani vigogo ndio walipanga, 1968 Humphrey alipitishwa kuwa mgombea urais wa Democrat kwenye mkutano mkuu wa Chicago bila kushindana kwenye kura hizo, watu wakachachamaa, kanuni zikabadilishwa kuanzia 1972. Ndiyo maana 2016 Trump alipita Republican huku wakubwa wengi wa chama hawamtaki.

Vyama vidogo na wagombea binafsi msiwape kurasa nyingi. Perot, mgombea binafsi wa urais 1992, alipata karibu asilimia 19 ya kura, na hakubeba jimbo hata moja, kwa sababu karibu kila jimbo anayeongoza anachukua wajumbe wote wa jimbo hilo wanaomchagua rais. Mkielewa hilo ndio mtaelewa kwa nini wanaohama wanaingia chama kile kingine kikubwa badala ya kuanzisha chao.