Maswali ya Wasomaji: Tabibu wa Ferrara Aliyewaandikia Wajawazito

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi katika kliniki ya akina mama wajawazito hapa Kisumu. Katika darasa letu la historia ya Kanisa tulisoma habari za Girolamo Savonarola, mtawa aliyenyongwa na kuchomwa moto mjini Florence mwaka 1498, na mwalimu akataja juu juu kwamba babu yake alikuwa tabibu wa watawala. Babu huyo alikuwa nani, na je, aliandika lolote ambalo mtu wa kazi yangu angelitambua?
Muuguzi, Kisumu

JIBU: Dada muuguzi, babu huyo ni Michele Savonarola, na kwa maoni yangu hakustahili kupitiwa juu juu. Alizaliwa Padua, kaskazini mwa Italia, mnamo mwaka 1385, akasomea utabibu katika chuo kikuu cha mji huo na kufundisha hapo hapo, hadi mwaka 1440 alipoitwa Ferrara na mtawala wake, Niccolò III wa ukoo wa Este, awe tabibu wake. Niccolò alifariki mwaka uliofuata, lakini Michele hakurudi kwao. Alibaki kuwatumikia wanawe, Leonello na baadaye Borso.

Tabibu wa mtawala siku hizo hakungoja bwana wake augue. Alikuwa na neno juu ya chakula chake, usingizi wake na hata hasira zake, kwa sababu elimu aliyoirithi kutoka kwa matabibu wa kale Hippocrates, Galen na Ibn Sina ilifundisha kwamba afya ni mizani ya vitu vinne mwilini, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kila chakula kina joto au baridi yake, ukavu au unyevu wake. Michele alimwandikia Borso kitabu kizima kuhusu vyakula vinavyoliwa kwa kawaida. Tusimcheke, wapo wazee wa pwani wanaokuambia hadi leo kwamba chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi, nao wamekunywa maji ya kisima kile kile cha elimu. Kitabu chake kikubwa, Practica, kilieleza maradhi kuanzia kichwani hadi nyayoni, na kilichapishwa mwaka 1479, yeye akiwa ameshafariki.

Lakini utakachokitambua wewe ni kitabu alichokiandika akiwa mzee, mnamo mwaka 1460, kuhusu utunzaji wa wajawazito na wa watoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka saba. Aliwaelekezea wanawake wa Ferrara, wakunga wakiwemo, na hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya vyuo na ya heshima yake, bali kwa lugha waliyoizungumza watu wa mji huo nyumbani na sokoni. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Niliwahi kuketi kwenye benchi la kliniki moja nikimsubiri binti yangu, nikamwona mama mmoja akiigeuza karatasi ya maelekezo aliyopewa, ambayo yote ilikuwa kwa Kiingereza, kisha akaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso. Nina hakika alikwenda kumuuliza nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, wa kijijini kwao. Michele alijua kwamba mkunga ndiye anayekuwa chumbani saa ya uchungu, si profesa, na akaamua kuzungumza na aliyekuwapo.

Makosa yalikuwemo, tena mengi. Hakujua kwamba damu huzunguka mwilini. Hilo lilielezwa mwaka 1628 na tabibu Mwingereza William Harvey, ambaye, kwa bahati nzuri ya hadithi hii, alikuwa amehitimu katika chuo kile kile cha Padua. Ama mjukuu wake Girolamo, aliyezaliwa mwaka 1452, alifundishwa na babu huyu utotoni na kutarajiwa kuwa tabibu, lakini mwaka 1475 aliacha yote akaingia utawani.

SWALI: Nimesikia kwamba matabibu wa Ulaya ya kale waliwapeleka wagonjwa kuoga maji ya moto yatokayo ardhini, kama yale ya Ziwa Bogoria. Je, ni kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli, na jibu linaturudisha kwa bwana yule yule, kwa kuwa Michele aliandika pia kitabu kuhusu mabafu ya maji ya moto ya Italia, kilichochapishwa Ferrara mwaka 1485. Karibu na Padua alikozaliwa kuna chemchemi za Abano, zilizokuwa na sifa tangu enzi za Warumi. Ila usichukue taulo ukaelekea Bogoria: maji yanayoruka pale yanakaribia kuchemka, ndiyo maana wageni huchemshia mayai, na hata ya Abano, ambayo hutoka yakiwa na nyuzi zaidi ya 80, hupozwa kwanza kabla ya mtu kuingia.