Shangazi, nimechoka na vumbi la Kongo

Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni bodaboda hapa Mbagala. Wenzake kijiweni wanajisifu, basi naye kila usiku ni vumbi la Kongo, ile dawa ya mitaani ya nguvu za kiume. Mimi naumia. Nikisema inatosha, ananiuliza nani mwingine ananiridhisha. Nifanyeje?
Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hao wa kijiweni hawalali kwako, kwa nini wakupangie usiku wako? Unyago ulitufunda kumpendeza mume, haukutuziba mdomo. Zungumza naye mchana, mkiwa mmeshiba, siyo kitandani: “Nikiumia siridhiki. Napenda ukinishika taratibu.” Mwoneshe hata mkono uende wapi.

Supu ya pweza anywe tu, ni chakula. Vumbi ndilo linanitisha. Baadhi ya dawa za nguvu za mitaani zimekutwa na sildenafili ndani, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, na hiyo ikikutana na dawa za moyo aina ya nitrati hushusha presha ghafla, mtu akafa. Kama nguvu zimepungua kweli, akapime sukari na presha. Nawe nenda kliniki, hayo maumivu yaangaliwe.

Ukisema inatosha, inatosha. Akikulazimisha au kukupiga, nenda Dawati la Jinsia kituo cha polisi, usimsubiri mshenga.