Bateri kwanza: mambo tulijifunza mu depo ya masomo yetu

Wenzangu walimu wa hapa Bukavu, kama ku masomo yenu kuko depo imejaa ordinatere (kompyuta) zilizokufa, tafadhali musingoje kama sisi. Tulipewa mashini za okazyo kutoka Ulaya, tukafurahi, tukapiga picha, na kurant ya hapa munaijua, inapanda inashuka, kila mara alimentasio, ile kisanduku ya kuingiza kurant mu mashini, inaungua, tukawa tunabeba tu na kurundika, miaka inapita hakuna mtu anaandika kitu.

Siku moja nikasikia harufu kali ya plastiki. Nyuma ya vyoo nakuta sentineli wetu anachoma kamba za kurant apate shaba ya kuuzia watu wa mitrai, wale wa vyuma chakavu, na watoto wa primere wamesimama palepale wanaota moto! Nikamwambia, papa, huu moshi ni sumu. Akanijibu, "Mwalimu, si mulishazitupa?" Na ni kweli, sisi ndio tulizitupa. Leo anachuna zile kamba kwa kisu, shaba inatoka safi na hakuna moshi.

Depo tulipoifungua tulianza na bateri. Kulikuwa laptopu moja bateri imevimba mpaka klavye imeinuka kama andazi mu mafuta. Ya hivyo usiitoboe, usiichaji, iweke mu ndoo ya mchanga mkavu mbali na makaratasi. Za onduleri, zile mashini za kushika kurant ikikatika, ziko na risasi (plomb, metali ya sumu) na asidi, zisimame wima, na usimwage ile maji mu mufereji, juu mifereji yetu inateremka mu mto Kawa, na Kawa inaingia ziwa Kivu. Ekra za zamani zile za mgongo, kioo chake nacho kina risasi, musivunje.

Kisha chukueni kaye, kila mashini mstari wake: ilitoka wapi, lini, nini imekufa. Kwa 19 tulipata 6 zinazowaka, kwa kubadilishana vipande tu. Disiki dure, kile kipande kinachoweka kumbukumbu za mashini, mutoe kabla kitu chochote hakijatoka nje, pointi za watoto ziko mule.

Na zawadi ingine ikija, washeni moja moja mbele ya anayeleta, kabla ya kusaini. Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza kuingiza taka za sumu Afrika, hata zikiitwa msaada. Mara ya mwisho tulirudisha katoni mbili, prefe, mkubwa wa masomo yetu, aliona haya kidogo lakini alisaini kwamba zimerudi.