Kifutio cha Kuvaa Mkononi: Niliyojifunza kwa Kushona Vyangu Mwenyewe

Dasta ina tabia ya kutokuwepo pale inapohitajika. Unakosea tarakimu moja upande wa kushoto wa ubao, yenyewe iko upande wa kulia kabisa, au iko chini ya rundo la madaftari, au mwalimu wa darasa la jirani ameazima asubuhi. Kwa hiyo nilifanya kama walimu wengi wanavyofanya: nilifuta kwa mkono. Kwa miaka mingi nilifuta kwa ubavu wa kiganja, ule upande wa kidole cha mwisho, hadi ngozi ya pale ikawa kavu na kupasuka, kwa sababu unga wa chaki hunyonya unyevu wa ngozi. Nilipohamia ubao mweupe nilidhani tatizo limekwisha. Halikwisha. Mafuta ya vidole yalibaki ubaoni, na wino ulioandikwa juu yake ukawa haukai vizuri na kufutika kwake kunaacha ukungu.

Hapo ndipo nilipoanza kushona vifutio vya kuvaa. Nimeshashona vya kutosha, nimejaribu na vya kununua, na nimewapa wenzangu wavitumie. Haya ndiyo ninayomwambia mwalimu yeyote anayeniuliza.

Kwanza, angalia mahali kitambaa cha kufutia kilipo. Vifutio vingi vya kuvaa ni glovu yenye kitambaa kwenye kiganja. Cha kwanza nilichoshona kilikuwa hivyo, na nilikiacha ndani ya wiki moja. Kiganja ndicho unachoshikia kitabu, ndicho unachopokelea daftari la mwanafunzi, ndicho unachojipangusia jasho la paji la uso bila kufikiri. Kikishajaa chaki, kila unachogusa kinakuwa cheupe. Ndipo nikajiuliza: nikifuta bila dasta, mkono wangu wenyewe huchagua kutumia sehemu gani? Jibu lilikuwa pale pale penye ngozi iliyopasuka. Nikahamishia kitambaa kwenye ubavu wa mkono, kuanzia chini ya kidole cha mwisho hadi karibu na kifundo, kikipanda kidogo nyuma ya mkono. Ukikunja ngumi, kinagusa ubao chenyewe. Ukifungua mkono, kiganja ni kisafi. Sijabadilisha tena.

Pili, kivae kwenye mkono usioandikia. Hili linaonekana dogo lakini watu hulikosea. Mkono unaoandika huegemea ubao, na ubavu wake ndio unaopita juu ya maandishi. Ukiweka kifutio hapo utafuta kazi yako ukiwa unaiandika. Anayetumia mkono wa kushoto ndiye anayeumia zaidi, maana tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia na mkono wake unapita juu ya kila neno alilotoka kuliandika. Yeye akivae kulia, na mkono wa kushoto auzoeze kuelea. Mkono usioandikia utakuwa mzito siku za mwanzo, utafuta kwa kuparazaparaza, kisha unazoea. Mimi nilihitaji kama wiki mbili.

Kitambaa kinategemea ubao. Ubao wa chaki unataka kitambaa chenye manyoya na unene, kwa sababu unga unahitaji mahali pa kuingia. Flaneli iliyokunjwa mara tatu ni nzuri, kipande cha taulo kuukuu ni kizuri, sufu nzito iliyogandamizwa ni bora kuliko zote. Kitambaa chembamba laini husukuma unga tu kutoka hapa kwenda pale, na ubao unabaki wa kijivu.

Ubao mweupe ni habari nyingine. Wino wa kalamu zake ni rangi iliyochanganywa na kimiminika kinachokauka upesi, mara nyingi aina ya alkoholi, pamoja na kitu chenye asili ya mafuta kinachozuia rangi isishikane na ubao. Alkoholi ikisharuka, kinachobaki ni utando mkavu uliokaa juu juu. Ndiyo maana unafutika kwa kitambaa kikavu. Lakini uache siku kadhaa na utando huo unang'ang'ania, hasa kwenye mbao za bei nafuu ambazo uso wake umeanza kuchakaa na kupata vijitundu. Mbao za chuma zilizopakwa enameli, utando mgumu kama kioo, huvumilia zaidi. Kwa ubao mweupe mimi hutumia mikrofaiba, safu mbili tu. Nyuzi zake ni nyembamba mno na huokota rangi badala ya kuipaka. Doa sugu usiliparuze kwa kitu kigumu. Andika juu yake kwa kalamu ya kawaida ya ubao mweupe, kisha futa wino ungali mbichi. Kimiminika kipya huyeyusha rangi ya zamani na vyote hutoka pamoja. Mara nyingi ujanja huo huondoa hata wino wa kudumu, ule ambao mtu ameutumia kwa kukosea kalamu. Ikishindikana, spiriti kidogo kwenye kitambaa. Usiifanye spiriti kuwa dawa ya kila siku, kwa sababu uso wa ubao wa bei nafuu huchakaa upesi.

Sasa vumbi. Chaki za siku hizi hutengenezwa kwa kalsiamu kaboneti au kwa jasi. Si sumu, lakini kwenye koo na kwenye kifua cha mtu mwenye pumu ni kero ya kweli, na kifutio cha kuvaa kinakusogeza karibu nalo kuliko dasta ya mti. Mkono wako uko pale pale, na uso wako uko nyuma yake. Kwa hiyo futa kutoka juu kwenda chini, polepole, vumbi lianguke kwenye kibao cha kuwekea chaki chini ya ubao. Usifute kwa kupepea kulia na kushoto. Chaki zinazoitwa "zisizo na vumbi" nazo zina vumbi; tofauti ni kwamba chembe zake ni nzito zaidi, hivyo huanguka upesi badala ya kuelea. Baadhi hutiwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, na kama darasani kuna mtoto mwenye mzio mkali wa maziwa ni vizuri kujua chaki yenu imetengenezwa kwa nini. Na tafadhali, kifutio kikung'utwe nje. Kukipigapiga kwenye ukuta wa darasa ni kurudisha vumbi lote kwa watoto wa dawati la mbele.

Yote hayo ni ya kitambaa na mkono. Lililonichukua muda mrefu kuligundua ni la ufundishaji, na ndilo ninalotaka ulibebe zaidi.

Kifutio kikiwa mkononi, kufuta kunakuwa rahisi mno. Nilikuwa nafundisha milinganyo. Naandika mstari, nageuza, nafuta sehemu iliyobadilika, naandika mpya palepale. Ilinipendeza, ubao ulikuwa safi, mlinganyo ulionekana kana kwamba unajitatua wenyewe. Kisha nikakusanya madaftari. Kwa wanafunzi wengi kulikuwa na swali, kulikuwa na jibu, na katikati hakuna kitu. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, ukifuta tu, mimi ndipo ninapopotea." Nilikuwa nimefuta njia na kuwaachia mwisho wake. Zamani, uvivu wa kuifuata dasta ulikuwa unanilazimisha kuandika mstari unaofuata chini ya ule wa kwanza, na ule mlolongo ndio waliokuwa wanajifunzia.

Sikukivua kifutio. Niliweka mpaka. Ubao naugawa sehemu tatu kwa mstari mwembamba. Sehemu ya kwanza ina mfano wa somo na haiguswi hadi kengele. Ya kati ni ya kazi inayoendelea, na humo nafuta makosa ya kalamu tu: herufi iliyopinda, alama niliyoisahau. Kosa la kufikiri silifuti. Nalipiga mstari mmoja katikati na kuandika sahihi pembeni, ili anayefanya kosa lilelile aone lilipoingia. Sehemu ya tatu ni ya majaribio, na hiyo ndiyo inayofutwa ovyo. Kabla ya kufuta jambo lolote la sehemu ya kati nauliza, "Nani bado ananakili?" na nasubiri mikono. Mtoto anayenakili taratibu mara nyingi hataki kuonekana, kwa hiyo natazama vichwa pia: kinachoinuka na kuinama bado hakijamaliza.

Kwa wanafunzi, kama mnatumia vibao vidogo vyeupe vya mtu mmoja mmoja, kifutio bora cha kuvaa ni soksi kuukuu. Hakuna kingine nilichoona kinashinda. Inavaliwa kwenye mkono usioandikia, inafuta, na somo likiisha kalamu inaingizwa ndani yake. Soksi ya pamba inatosha kabisa. Kila mtoto awe na yake, yenye alama yake, maana mkono wa mtoto una jasho na mafua, na soksi ya pamoja inahamisha vyote viwili. Vile vikofia vya kuvaa kwenye ncha ya kidole vinauzwa sana na vinavutia. Kwa mtu mzima anayerekebisha tarakimu moja vinafaa. Kwa watoto wadogo sivitaki: vinapotea, na ni vidogo kiasi cha kuingia mdomoni.

Ukitaka kushona cha kwako, anza na soksi ndefu nzito. Kata ncha ya vidole, toboa tundu la kidole gumba, na iache ifike juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kwenye ubavu shona kipande cha kitambaa chenye urefu wa kiganja chako na upana wa vidole vinne, mshono uwe bapa. Usiweke kifungo, zipu wala kitu chochote kigumu upande unaogusa ubao, maana mkwaruzo wa ubao mweupe hauondoki. Wino utakuwa unajificha humo kila siku. Lastiki isibane. Kama baada ya kipindi kimoja imeacha alama kwenye ngozi, ilegeze. Bora zaidi, kishikize kipande hicho kwa mkanda wa kubandika na kubandua (velcro) ili ukitoe kikichafuka bila kufua soksi nzima, ila hakikisha mkanda wenyewe umefunikwa wote.

Kufua ni kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu. Mikrofaiba usiitie dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa hufunika nyuzi na baada ya hapo kitambaa kinateleza juu ya wino bila kuuokota. Usiipige pasi ya moto pia. Ni plastiki, itayeyuka. Cha chaki kikauke kabisa kabla ya kukivaa, kwa sababu kitambaa chenye unyevu kikikutana na unga kinatengeneza uji unaokauka ubaoni kama chokaa. Ukitaka kufuta kwa maji, futa ubao mzima mwisho wa siku na uuache ukauke.

Na dasta ya mti usiitupe. Ubao mzima uliojaa, ukiufuta kwa ubavu wa mkono mmoja, bega litakuambia kabla ya saa sita. Mimi kipindi kikiisha navua changu, nakitundika kwenye msumari ulio kando ya ubao, na naichukua dasta. Msumari huo nimeuweka upande ninaosimama ninapoanza somo.