200Tdi kwenye Land Rover 110: inaingia, ila angalia tabo

Kaka wa Masasi, umeuliza kama injini ya 200Tdi (dizeli yenye tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) ya Land Rover Discovery itakaa kwenye 110 yako ya dizeli 2.5 isiyo na tabo. Itakaa, na giaboksi ya LT77 inabaki. Shida ni tabo: ya Discovery iko chini, bomba la ekzosi linagonga chesisi. Tafuta manifoldi (njia za hewa na moshi za injini) na tabo za 200Tdi ya Land Rover Defender. Tafadhali usimruhusu fundi akate chesisi! Chukua pia rejeta ya hiyo 200Tdi, yenye intakula (kipoza hewa ya tabo) na kipoza oili, la sivyo ukipanda Newala na magunia ya korosho itachemka. Mkanda wa taimingi badilisha injini ikiwa bado chini. Ukiukuta umelowa oili, huenda sili ya krenki imechoka, weka mpya. Namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi, TRA.