Umaskini umepelekewa nini?

Swali: Mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Masasi. Katika taarifa ya maendeleo nimeandika, "Bei nzuri ya korosho imepelekea kupungua kwa umaskini." Mwenyekiti anasisitiza ni "umasikini". Nani amepatia?

Jibu: Nyote. Neno ni la Waarabu, miskin, nasi tukalilainisha kila mtu kwa kinywa chake. Kwenye taarifa andika umaskini, maana ndivyo lilivyoandikwa katika Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, ule MKUKUTA wa 2005. Mwenyekiti akiendelea kuitamka i yake, mwache, haimdhuru mtu.

Lakini mtendaji wangu, mnagombea kokoto na gogo limelala njiani. "Imepelekea"!

Bibi yangu kule Newala akisema, "Mpelekee shangazi yako korosho," nilijua la kufanya: kuna mzigo, na kuna mtu anausubiri. Hiyo ndiyo kauli ya kutendea: peleka ikishakuwa pelekea, inadai mpokeaji. Sasa bei ya korosho imempelekea nani nini? Imepelekea kupungua? Huyo Kupungua anakaa kitongoji gani, nami nimpelekee mbaazi? Na mwaka bei ikianguka, mkulima akaangukia mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo wanaonunua kwa bei ya kutupa, utaandika "bei imepelekea umaskini". Nitauliza: umaskini umepelekewa nini, korosho ghafi au zilizobanguliwa?

Barabara ya kusini ilipokatika Somanga, mkoani Lindi, 2024, kila mwenye kipaza sauti alituambia mvua "zimepelekea barabara kukatika". Mvua hazikupelekea kitu. Zilikata barabara, basi, na sisi wa kusini tukabaki huku na mizigo yetu.

Nawashuku watafsiri wa ripoti za wafadhili: walikutana na kitenzi cha Kiingereza cha kuongoza njia, "lead to", wakadaka neno lililokuwa karibu. Ilhali kusababisha kupo, kuleta kupo, kuzaa kupo. Mara nyingi hata vitenzi hivyo havihitajiki. "Korosho imepata bei nzuri, umaskini umepungua." Maneno sita, na mkutano mzima wa kijiji umeelewa.

Najua nitashindwa. Juzi mjukuu wangu kaniletea barua ya shule: utoro "umepelekea" kushuka kwa ufaulu. Nikatia saini, ningefanyaje?

Mpelekee mwenyekiti salamu zangu, umwambie i yake nimeiruhusu.