Vuruga picha, linda mapigo: kwa anayeanza kupindisha kamera na video

Wanaonijia wakitaka kuanza sanaa ya glichi, yaani kutengeneza picha kwa kuvuruga vifaa makusudi, karibu wote huja na bisibisi mkononi. Wameona picha mahali, rangi zimekatika vipande, uso wa mtu umemegeka na kuvutwa pembeni, na wanataka kufungua kamera leo hii. Nawaambia wote jambo lile lile: weka bisibisi chini kwanza. Ijue ishara ya video kabla ya kuijua kamera. Ukishajua kinachopita ndani ya ule waya wa njano, utaweza kupindisha, yaani kuunganisha upya njia za ndani ili picha ivurugike, karibu kifaa chochote kitakachokuangukia mkononi. Usipojua, utaua kamera moja baada ya nyingine ukingoja bahati.

Waya wa njano wa AV, ule unaotoka kwenye deki au king'amuzi kwenda kwenye TV, unabeba volti moja tu kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Sehemu ya chini, kama volti 0.3, ni mapigo ya kusawazisha. Hayo ndiyo yanayoiambia TV kwamba mstari mpya unaanza hapa, na picha mpya inaanza hapa. Volti 0.7 zilizobaki ndizo picha yenyewe, kuanzia weusi hadi weupe, na rangi imepandishwa juu yake kwa wimbi la kasi kubwa. Kwa mfumo wa PAL, ambao ndio tuliozoea Afrika Mashariki, mistari ni 625 kwa picha nzima na nusu-picha ni 50 kwa sekunde (mbili hufanya picha nzima), kwa hiyo TV inachora mistari 15,625 kila sekunde. Ziandike namba hizi ukutani juu ya meza yako, utazitumia kila siku. Ukiagiza vifaa kutoka Marekani au Japani vitakuja na mfumo wao, NTSC, mistari 525 na nusu-picha karibu 60, na hapo hesabu zote zinabadilika.

Kazi yetu yote imo kati ya sehemu hizo mbili. Ukigusa zile 0.7 tu, picha inageuka rangi, inapasuka, inajirudia, lakini TV imetulia. Ukizidisha hadi mapigo yaguswe, picha inaanza kuvutika na kubingirika. Ukiyaua kabisa unabaki na chenga, au kioo cha bluu kisicho na kitu. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona zimetoka pale ambapo TV inakaribia kuyapoteza mapigo lakini bado inayashikilia. Hapo ndipo unapotakiwa kujifunza kukaa, na ndiyo maana narudia hadi watu wanachoka kunisikia: vuruga picha, linda mapigo.

Zoezi la kwanza halifungui kitu. Tafuta TV ya chogo. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia mwishoni mwa 2012, na TV bapa zikaingia majumbani, hizi zimejaa kwa mafundi na kwenye stoo za watu, na wengine watakushukuru ukiziondoa. Chukua kamera yoyote yenye tundu la AV, iunganishe kwenye TV hiyo, kisha ielekeze kamera kwenye kioo hicho hicho. Picha itaanza kujimeza. Inamisha kamera kidogo, vuta karibu, punguza mwanga, ongeza ukolezaji (contrast), pitisha mkono katikati. Yatatokea maua, mahandaki, mizunguko inayopumua. Usilipite zoezi hili haraka kwa sababu ni rahisi. Linafundisha jicho lako kwamba badiliko dogo mkononi linaweza kuwa badiliko kubwa kwenye kioo, na mikono inazoea upole.

Zoezi la pili ni kile wenzetu wa Ulaya wanachokiita kichanganyio kichafu, ambacho wengi tulikifahamu kupitia kazi ya Karl Klomp wa Uholanzi. Ni kifaa cha bei ya chai. Unahitaji matundu matatu ya RCA, yale yanayopokea waya wa njano, na volyumu moja ya kawaida, ile ya kuzungusha. Mimi natumia ya omu elfu moja. Ncha mbili za pembeni zipokee waya za njano kutoka kwenye vyanzo viwili, king'amuzi huku na deki kule. Mguu wa katikati uende kwenye TV. Ganda la nje la matundu yote matatu liungane. Basi. Ukizungusha katikati, TV inapokea mapigo ya vyombo viwili visivyojuana na haijui imfuate nani. Utaona picha mbili zikipigana, moja ikiburuzwa juu ya nyingine. Hakuna betri, hakuna hatari, na tayari una ala ya kuchezea mbele ya watu.

Sasa njoo kwenye zoezi ninalolipenda kuliko yote, maana hapa ndipo sinthesaiza ya video, mashine inayotengeneza picha kwa mawimbi ya umeme, inapoeleweka. Ondoa deki, na mahali pake unganisha simu ya zamani yenye tundu la earphone, ikiwa na programu ya kutoa mlio wa kipimo maalumu. Weka kapasita ya maikrofaradi 10 hivi katikati ya waya ili volti ya chanzo kingine isirudi kwenye simu. Toa mlio wa hezi 500, yaani mawimbi 500 kwa sekunde. Kwa kuwa TV inachora nusu-picha 50 kwa sekunde, mawimbi kumi yanaingia katika kila moja, na utaona mistari myeupe na myeusi imelala kioo kizima. Ukihesabu utapata tisa na kidogo, kwa sababu sehemu ya kila nusu-picha hupita gizani wakati mwale unaochora picha unarudi juu. Peleka hadi 501: mistari inaanza kutambaa taratibu. Peleka 15,625, wimbi moja kwa kila mstari, na ile mistari iliyolala inasimama wima, ikiegemea kidogo kwa sababu saa ya simu na saa ya king'amuzi hazilingani sawasawa.

Ukilielewa hilo umeelewa mashine ambazo watu walizijenga kwa miaka. Nam June Paik, Mkorea aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alionyesha televisheni alizozivuruga mjini Wuppertal mwaka 1963, na mwishoni mwa muongo huo akajenga sinthesaiza ya video pamoja na fundi Mjapani, Shuya Abe. Dan Sandin, mwalimu wa chuo kikuu Chicago aliyesomea fizikia, alijiuliza sinthesaiza ya muziki ya Moog ingekuwaje kama ingefanya kazi kwa picha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajenga jibu lake. Leo LZX Industries ya Marekani, iliyoanza 2008, inauza moduli, yaani vipande vya sinthesaiza, za aina hiyo zinazoingia kwenye fremu zile zile za wanamuziki. Ni vifaa bora mno, na ni ghali. Usianze kununua. Atakayecheza na simu na volyumu kwa miezi michache atajua hasa moduli ipi anaihitaji.

Tukija kwenye kamera, nitakuwa mkali kidogo, maana hapa watu huumia. Kamera ya dijitali yenye flashi ina kapasita nyeusi, ya mviringo, inayohifadhi volti zinazokaribia 300. Kutoa betri hakuimalizi. Inaweza kukaa na chaji muda mrefu baada ya kamera kuzimwa, na shoti yake siyo ya mchezo. Usiimalize kwa kugusisha bisibisi kwenye miguu yake miwili. Tumia rezista ya omu elfu kumi, ya wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zenye ganda zuri, ishikilie miguuni kwa sekunde kumi, kisha pima kwa mita hadi uone namba imeshuka kabisa. Pima tena kila unaporudi kufungua. Na TV ya chogo usiifungue kamwe. Ndani yake kuna volti maelfu kwa maelfu, na hakuna kitu tunachokihitaji humo ambacho hatukipati kwenye tundu la nyuma.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuikwepa flashi kabisa. Kamera za CCTV za analojia zinafaa sana. Zinatumia volti 12 za adapta, zinatoa video ya kawaida moja kwa moja, na mafundi wa CCTV wanazing'oa kila wanapowawekea wateja kamera mpya. Hakikisha tu ni za aina ya zamani, maana za karibuni hutoa ishara ambayo TV ya chogo haiisomi mpaka ibadilishwe kwenye mipangilio ya kamera. Kamera za watoto na webukamu nazo ni nzuri.

Ndani ya kamera, tafuta njia kati ya kihisi cha picha na chipu inayochakata. Mara nyingi utaona safu ya rezista ndogo ndogo zimepangwa sambamba kati ya chipu mbili. Hiyo ni dalili nzuri sana kwamba data ya picha inapita hapo, kila mstari ukibeba biti moja. Ukiunganisha biti za chini, zenye uzito mdogo, picha inapata chembechembe laini. Ukiunganisha za juu, rangi zinakatika kwa ukali. Usitumie waya mtupu kuchunguza; weka rezista ya omu mia chache kwenye ncha yako, na vifaa vingi vitaponea hapo. Kaa mbali na eneo la koili na kapasita kubwa, ambalo ndilo linalotengeneza umeme wa kamera. Kihisi cha picha cha aina ya CCD huhitaji volti kama 15 upande mmoja na volti hasi upande mwingine, na hizo zikigusana na mstari wa data kamera imekwisha.

Kuchomelea kwenye sehemu ndogo hivyo kunahitaji mkono uliofundishwa, na shule ipo karibu nawe. Nenda kwa fundi simu anayepiga jampa (kuunga njia iliyokatika kwa waya mwembamba) kwa hadubini, mwombe umkalie kando siku kadhaa. Waya wake mwembamba wa jampa ndio hasa unaotufaa. Wengi wao wanafurahi ukiwaeleza unachotaka kufanya, ingawa watauliza kwa nini unaharibu kitu kizima, waonyeshe picha. Toa waya hizo nje ya kamera hadi kwenye swichi ndogo, kila moja na namba yake, na ongeza swichi ya kukata umeme, maana kamera iliyopindishwa huganda mara nyingi na huamka tu ukiikatia betri.

Hizo namba zina maana kubwa. Hali nzuri hupotea upesi, na kesho joto la chipu au nguvu ya betri vimebadilika. Andika swichi namba ngapi zilikuwa zimewashwa, chanzo kilikuwa nini, volyumu ilikuwa wapi. Chora. Mimi nahesabu kifaa kuwa ala pale ninapoweza kukirudisha katika hali ile ile, angalau kwa kukaribia. Kabla ya hapo ni kitu kilichoharibika vizuri, na hakitoshi kupanda nacho jukwaani.

Kurekodi ndiko kunakowavunja moyo wengi. Vile vifaa vya USB vya kunasa video vinatarajia mapigo safi, na yakiyumba kidogo tu vinatoa bluu au vinaruka. Kile ulichokiona kwenye TV ya chogo hakionekani kwenye kompyuta. Suluhisho la kitaalamu ni kirekebisha-mapigo, au mikisa ya video ya zamani yenye kazi hiyo ndani, kama Panasonic WJ-AVE5 au Edirol V-4. Ukiipata kwa bei ya maana usiiache, lakini hakikisha ni ya PAL. Njia ya pili ni kupiga picha kioo chenyewe, na siioni kuwa ya daraja la chini. Chogo linasamehe makosa ya mapigo kuliko kifaa chochote cha kisasa, na fosforasi yake inazipa rangi uzito ambao faili haina. Zima taa zote, funika madirisha. Weka kamera kwenye miguu mitatu, mpangilio wa mkono, shata 1/50, fremu 25 au 50 kwa sekunde, la sivyo mstari mweusi utapita kwenye picha yako yote. Funga mwanga na rangi visijibadilishe vyenyewe. Ukiona mawimbi ya nukunuku, sogea nyuma kidogo au legeza fokasi kwa kiasi kidogo sana.

Sumaku? Paik aliweka sumaku kubwa juu ya TV mwaka 1965, na kila anayeanza anataka kujaribu. Ile ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Kwenye TV ya rangi, sumaku inaacha madoa, kwa sababu chuma chembamba nyuma ya kioo kinashika usumaku. Tenga TV moja kwa kazi hiyo.

Na michoro yako wagawie wengine. Sandin hakuiuza mashine yake. Yeye na msanii mwenzake Phil Morton waliandika maelekezo yote ya kuijenga na kumpa yeyote aliyetaka kwa gharama ya kunakili na posta, na watu wakajenga zao. Ukipata safu ya rezista inayotoa rangi nzuri kwenye aina fulani ya CCTV, piga picha ya bodi, weka alama pale ulipochomelea, andika kwa Kiswahili rezista gani ulitumia, na iweke mahali mwenzako wa Kisumu au Bukavu mwenye kamera kama hiyo ataiona.